Kitanda cha Mwalimu Mwanne, Pamoja na Mapazia Yake

Mwaka umezunguka, Mama, umefika pale pale ulipotuachia, na leo sisi wa nyumba yako ya Buyenzi tunakuandikia tukiwa tumepumua. Kama mwaka huo ungetimia mwezi mmoja mapema, tangazo hili la kumbukumbu lingekuwa la machozi tu, na pengine la uongo pia. Alhamdulillahi, mambo yamefunguka na tuna la kukuambia.

Anayeshika kalamu ni mkamwana wako Asiya. Mumewe, mwanao Tajudini, amekaa pembeni yake, mikono bado inanuka mafuta ya gari, na kila sentensi anasema, "Hiyo ruka." Haturuki kitu. Si wewe uliyetufundisha kwamba historia haifutwi eti kwa sababu kuna mtu anaona haya?

Kwa wasiokujua: ulifundisha historia miaka thelathini na mmoja kwenye shule moja ya Ngagara, na miaka yote hiyo ulitoka Buyenzi kwa miguu, mwavuli mkononi hata wakati wa kiangazi. Ulisema ukipanda gari unafika kabla hujamaliza kufikiri. Mkoba wako ulikuwa na chaki, tangawizi na barua za watu. Wanawake wa mtaa wasiojua kusoma walikuletea barua za waume zao walioko mbali, ukawasomea, na penye maneno mabaya ulikohoa kwanza ili mwenye barua ajiandae. Baadaye ukachoka kukohoa. Ukawakalisha barazani kila siku baada ya alasiri, ukawafundisha kusoma wenyewe. Mama Khaled alikuwa na miaka sitini na mbili siku aliyosoma jina lake kwenye kitambulisho, akapiga kigelegele mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakadondosha spana.

Ulikuwa mkali pia, tusidanganyane. Mialiko ya harusi iliyokuja na makosa uliisahihisha kwa kalamu nyekundu, ukairudisha kwa wenyewe. Harusi zenyewe ulienda, tena ulikula vizuri.

Halafu kulikuwa na Hawisa. Hapo najua Buyenzi nzima inatabasamu, maana hakuna aliyekaa kwenye baraza yako nusu saa bila kumsikia. Mwalimu mwenzako Odette, alipostaafu, alikuachia kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Ndani yake mlikuwa na maisha ya mwanamke wa ukoo mkubwa wa Uingereza, aliyeishi zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Ulikisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Na jioni, ulipowalaza watoto wako watatu kwenye kitanda chako kikubwa, Hamimu ukutani, Tajudini katikati, Saliha ubavuni mwako, uliwasimulia Hawisa kwa Kiswahili cha hapa hapa nyumbani.

Kitanda chenyewe tukitaje vizuri, maana ndicho chenye kisa. Ni samadari ya mbao nyeusi, nguzo nne, matendegu mazito, aliyokuja nayo bibi yako kutoka Ujiji. Kilijaza chumba, na ukigeuka kililia. Juu ya nguzo zake ulitundika chandarua, basi. Pazia hakijawahi kuwa nalo hata siku moja.

Hawisa aliozeshwa akiwa na miaka kumi na mitatu kwa bwana ambaye hakuwahi kumwona. Akazaa saba, akazika wanne. Mume kila mwaka alikuwa vitani kwa mfalme, na mke akabaki na funguo zote za nyumba kiunoni: za ghala, za mishumaa, za nyama iliyotiwa chumvi kwa ajili ya miezi ya baridi. Mara moja jirani mwenye tamaa akaja na watu wenye mikuki, akidhani nyumba isiyo na mwanamume haina mlango. Hawisa akafunga lango, akapanda juu na wajakazi wake, akawamwagia maji ya moto. Hapo Tajudini alipiga makofi, akalala. Kila mara alilala hapo hapo. Hamimu yeye alilala hata kabla maji hayajachemka. Aliyebaki macho ni Saliha, na ule mwisho wa kisa mliubakia wawili tu.

Wewe mwenyewe uliishi na Hawisa kama jirani wa ukuta mmoja. Funguo zako nawe ulizifunga kiunoni. Baba alipofariki ukakaa eda miezi minne na siku kumi, na eda ilipoisha wakaja wakubwa wa upande wa Baba kukuomba uolewe na mdogo wake. Uliwapa chai ya tangawizi. Ukawaeleza kwamba Hawisa alipofiwa, mfalme naye alitaka kumpa mume mwingine, basi yule mama akaenda kwa askofu, akavishwa pete na joho la wajane, akaapa haolewi tena, na mfalme mzima akanyamaza. Kisha ukaanza kuwasimulia tangu utoto wake. Walimaliza chai wakiwa wima, wakaondoka, na neno hilo halikurudi tena.

Sasa tufike penye mwiba. ("Hiyo ruka," anasema Tajudini. Apana, baba, hatuiruki.)

Miaka kumi na miwili iliyopita tendegu moja la kitanda lilipasuka, ukamwita seremala kutoka Bwiza. Akaja Claude, kijana mrefu, mpole, randa mkononi. Kazi ya asubuhi moja ikachukua siku nne, na mtu wa kumshikia mbao alikuwa Saliha. Tungepaswa kushtuka. Wewe ulikuwa umemchagulia Saliha mtoto wa watu, wafanyabiashara wa hapa hapa, na mazungumzo yalikuwa yameshafika mbali. Claude alikuwa Mkristo, hana mbele wala nyuma, wala hakuleta mshenga. Saliha akakuaga anaenda sokoni, akaenda komine, ofisi ya serikali, akaandikishwa mke wa Claude. Ulipopata habari ulikaa barazani mpaka adhana ya magharibi. Kisha ukasema, "Ametoka mwenyewe. Asigonge."

Naye hakugonga. Miaka kumi na mmoja, Mama! Na Bwiza na Buyenzi ni kuvuka barabara tu. Kila Idi Saliha alimvalisha mwanawe Nella, akamleta mpaka kwenye kona, akamwonyesha nyumba yako kwa kidole, wakarudi. Tuliwaona. Na wewe uliwaona, maana siku za Idi kiti chako cha barazani ulikigeuza kikaangalia kona. Hukusema kitu. Sisi nasi tukaogopa kusema.

Ikaja ile tension, presha ya damu, iliyokulaza. Siku yako ya mwisho ilikuwa Jumanne, baada ya adhuhuri. Asiya alikuwa jikoni, Tajudini amekaa nawe peke yake, na homa ilikuwa juu. Ukamshika mkono ukasema, neno kwa neno, "Kitanda changu kizuri kabisa, pamoja na mapazia yake, kiende kwa binti yangu Saliha." Akakuuliza, "Mapazia gani, Mama?" Ukamtazama kama ulivyokuwa ukimtazama mwanafunzi aliyekosa swali rahisi, ukafumba macho. Alasiri hiyo hiyo Saliha akafika mlangoni, amesikia hali yako. Tajudini, kichwa kimemzunguka, akamwambia umelala, aje kesho. Alfajiri ya kesho ulikuwa umeshatutoka.

Sasa mtu aangalie jinsi mwanao alivyoyasikia yale maneno. Kitanda kile ndicho kilichomleta Claude nyumbani. Kwenye kitanda kile ndipo aibu yote ilipoanzia. Basi Tajudini akaona mama yake amesema hivi: alinikimbia kwa ajili ya kitanda, haya, mpeni na kitanda chenyewe. Yale ya mapazia akasema ni homa. Lilikuwa tusi la mwisho la mama kwa binti yake, na yeye ndiye aliyeachiwa kulibeba. Angelipeleka vipi?

Siku ya tatu ya matanga Saliha alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mwisho kabisa, karibu na lango, na watu wanampita kama mgeni. Tajudini alipopita na sahani za chai, Saliha akamshika upindo wa kanzu.

"Kaka. Mama alisema kitu juu yangu?"

"Apana."

"Hata neno moja?"

"Hakusema kitu, Saliha. Kunywa chai."

Alidhani anamhurumia. Kumbe amemfungia lango mara ya pili. Kwetu mtoto akimzika mama bila radhi yake, raha haipo tena. Mwanawe akiugua anasema ni ile, chungu kikipasuka anasema ni ile. Saliha akajifunika kanga usoni, akarudi Bwiza, na Tajudini akafunga chumba chako kwa kufuli.

Mwaka huo tuliuishi na kitanda kama na mgonjwa. Watoto watatu wa Tajudini wanabanana kwenye chumba kimoja, na huku chumba kizima kimekaliwa na samadari. Khaled alikuja kukitaka kitanda kwa ajili ya mama yake, akafukuzwa kama mwizi. Asiya akiuliza, anajibiwa, "Acha tu." Tajudini akapungua. Mtu aliyekuwa anaimba chini ya magari akawa kimya, na wateja wakadhani gereji ina matatizo.

Mwezi wa tisa tangu utuache, Claude akaja gerejini kwa Tajudini. Hakuwahi kukanyaga pale tangu siku ya harusi yake isiyo na wageni. Akasimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Shemeji, mi sikuja kugombana."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Saliha hali chakula. Analala chini, kwenye mkeka. Anasema mutu ambaye mama yake hakumwachia radhi hana haki ya godoro." Claude akakunja ile kofia. "Kama kuna neno mama alisema, hata kama ni baya, mupe. Neno baya atalia, litaisha. Hili la kukosa neno haliishi, shemeji. Mi namuona."

Tajudini akaingia chini ya gari lililokuwa pale, akalala huko mpaka Claude akaondoka. Gari lenyewe halikuwa na ubovu wowote, lilikuwa linamsubiri mwenyewe alichukue. (Hapa Tajudini amenyanyuka, ameenda kunywa maji. Tunaendelea.)

Ikakaribia hitima yako ya mwaka. Wiki tatu kabla, Asiya akasema wanawake watakaa wapi, chumba cha Mama kifunguliwe, kitanda kitolewe, akitaka kuuza auze, akitaka kuni apasue.

"Si chetu," akasema Tajudini.

"Cha nani?"

"Cha Saliha."

Asiya akaweka chini sufuria. Tajudini akamwambia yote, amegeukia ukutani kama mtoto. Asiya aliposikia mpaka mwisho hakupiga kelele, na mnaomjua mjue hapo ndipo pa kuogopa.

"Mwaka muzima, Tajudini. Wasia wa mama yako umeukalia kama kigoda."

"Nilikuwa namuhurumia dada yangu. Tena wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhi. Uliza masheikh."

"Bon. Warithi wengine ni nani?"

"Mi na Hamimu."

Asiya akampigia Hamimu, Uvira, hapo hapo. Hamimu akasikiliza, akasema, "Si apewe! Kitanda kinalia kama mbuzi, nani anakitaka?" Asiya akakata simu. "Hamimu ameridhi. We je?"

"Mi nimeridhi, lakini, Asiya, kama ni tusi?"

"Hata kama ni tusi, ni lake. Si lako. Vaa viatu."

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini. Tajudini akavuka barabara kwenda Bwiza na kanzu yake ya sala, na anasema umbali ule haujawahi kuwa mrefu vile. Alimkuta Saliha uani anachagua maharage kwenye ungo, Claude kando anapiga randa mlango wa mteja. Akapewa kiti, akakataa kukaa. Saliha alikuwa amekonda mpaka pete inazunguka kidoleni.

"Saliha, nilikudanganya," akasema. "Mama alisema neno. Mi niliona ni baya, nikalimeza. Nisamehe, na kama hutanisamehe, una haki."

Randa ikasimama. Saliha hakuinua macho. "Sema alivyosema. Usiongeze, usipunguze."

"Alisema, kitanda changu kizuri kabisa, pamoja na mapazia yake, kiende kwa binti yangu Saliha."

Ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika ua mzima.

"'Kizuri kabisa'? Alisema 'kizuri kabisa'?"

"Ndiyo."

"'Pamoja na mapazia yake'?"

"Ndiyo, lakini ilikuwa homa, Saliha, kitanda hakina mapazia, we unakijua..."

"Ewe Taju!" Saliha akasimama, analia na kucheka kwa pamoja, anampiga kaka yake kwa upindo wa kanga, begani, kichwani, popote. "Ewe Taju wee! Ulilala! Kila siku ulilala kwenye maji ya moto!"

Tajudini alidhani dada yake amepata wazimu. Claude naye akaja mbio. Ikabidi Saliha akae chini katikati ya maharage, apumue, awaeleze ule mwisho wa Hawisa ambao kaka zake hawakuwahi kuusikia.

Hawisa alikuwa na mabinti watatu waliobaki hai. Wawili waliolewa alipotaka. Wa mwisho, Agnesi, aliolewa kwa siri na mtunza farasi wa nyumba yao. Kanisa likasema wameshapeana ahadi, ndoa ni ndoa, haivunjwi. Hawisa akamfungia lango. Agnesi alikaa ng'ambo ya mto, karibu hivi kwamba moshi wa jiko lake ulionekana ngomeni, na miaka kumi na miwili hawakusemezana. Wakati ule, kama ulivyokuwa unaeleza, Mama, kitanda cha mwanamke mkubwa hakikuwa cha kulalia tu. Kilikuwa na mapazia ya hariri pande zote, kilifunguliwa kikapakiwa mkokoteni kila familia ilipohamia ngome nyingine, watoto walizaliwa humo na wakubwa walifia humo. Chenye thamani kuliko hicho kuacha nyuma hakikuwepo. Basi Hawisa alipoona siku zimefika akamwita karani aandike wasia. Mabinti waliotii akawaachia vikombe vya fedha na magauni. Kisha akasema: "Kitanda changu kizuri kabisa, pamoja na mapazia yake, kiende kwa binti yangu Agnesi."

"Maneno yale yale," akasema Saliha. "Alikuwa anayasema kidole juu, hivi. Na kila mara nilimuuliza, Mama, mbona hakusema tu kwamba amemusamehe? Akanijibu, 'Watu wengine hawajui kusema hivyo. Wanajua kuachiana vitanda.'" Akajifuta uso. "Na mi miaka yote nilifikiri anawasema Waingereza!"

Hapo Tajudini akakaa, si kwenye kiti, kwenye vumbi la mbao, akalia kwa sauti mpaka majirani wa Bwiza wakachungulia juu ya ukuta. Mwaka mzima alikuwa amekalia radhi ya dada yake akidhani ni tusi. Saliha akamkumbatia kichwa. Alimwambia, "Si umeileta?" na Tajudini anasema hilo ndilo neno lililomrudishia pumzi. Claude, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake, akauliza, "Na lile tendegu langu, liko imara?" Wakacheka wote watatu.

Mama, ungeiona Jumamosi ile! Claude akaja mwenyewe kukifungua kitanda, ameingia kwa mlango wa mbele, amepewa chai. Akaligonga tendegu lake kwa kidole, akatikisa kichwa ameridhika. Mafundi wanane wa gereji wakakibeba, nguzo mbele, matendegu nyuma, Tajudini akiwapigia kelele kama vile wamebeba kioo. Saliha akafuata nyuma, amemshika Nella mkono, amevaa kanga yako ya kijani.

Na unajua hapa kwetu kitanda kikipita barabarani asubuhi na watu wamefuata nyuma, watu wanajua nini. Hatukufika hata kwenye kona, kona ile ile, Mama Khaled akatoka mlangoni mwake.

"Yoo! Nani anaolewa?"

"Saliha!" akaitikia Asiya.

"Saliha yupi? Wa Mwalimu?"

"Huyo huyo! Mama yake anamtoa leo!"

Mama Khaled akasimama kidogo, anatutazama mmoja mmoja. Kisha akapiga kigelegele, na sauti yake unaijua. Wakatoka wengine, wale wote uliowakalisha barazani na ubao wako mdogo, mmoja na unga mikononi, mwingine na mtoto mgongoni, wakaingia nyuma ya kitanda wakiimba nyimbo za kumpeleka bibi harusi. Saliha aliondoka nyumbani kwako akisema anaenda sokoni. Mara hii amevuka barabara na mtaa mzima nyuma yake, na Claude kando yake amevaa shati lenye vumbi la mbao, anatabasamu kama bwana harusi ambaye hakuambiwa mapema.

Hitima yako imesomwa jana. Chumba kilijaa, watu walikaa mpaka uani, na Saliha alikaa mkeka wa mbele.

Mapazia yapo sasa. Ameyashona mwenyewe kwa kanga zako nne, ile ya kijani ikakaa upande wa kichwa, Claude akaweka fito juu ya nguzo. Si hariri, lakini yanafungwa na kufunguliwa. Saliha analala juu ya godoro, anakula, na Claude anasema anakoroma kama wewe. Nella ameshaanza kusimuliwa Hawisa humo humo. Juzi jioni Tajudini alienda kuusikia ule mwisho kwa masikio yake, akajilaza pembeni na viatu vyake, na kwenye maji ya moto akalala. Safari hii Saliha alimpiga kiwiko akaamka, akausikia wote.

Tusamehe kwa kukuchelewesha mwaka mzima. Ulisema wazi, wanafunzi wako ndio waliokuwa wamelala.

Tunaokutaja kwenye dua zetu: watoto wako Hamimu wa Uvira, Tajudini na Saliha, wakwe zako Asiya na Claude, ambaye jina lake linaandikwa kwenye karatasi ya nyumba hii kwa mara ya kwanza, wajukuu zako wa Buyenzi na Uvira, na Nella wa Bwiza, mwenzako Odette wa Ngagara, na Mama Khaled, aliyelisoma tangazo hili lote mwenyewe kabla halijatoka, kalamu nyekundu mkononi. Amekuta makosa mawili. Tumeyasahihisha.

Hakuna siku itakayopita bila jina lako kutajwa kwenye nyumba zetu mbili. Lala, Mwalimu. Kitanda kimefika, pamoja na mapazia yake.